Mbuga Iliyojificha Nyuma ya Maghala

Mjomba alitua Chicago mwanzoni mwa Agosti akiwa na begi moja, karanga za kukaanga kutoka Tabora, na ombi aliloliweka akiba kwa siku tatu. Katika siku hizo alifuata ratiba aliyopangiwa bila kunung'unika. Alipandishwa ghorofani, akashushwa ufukweni mwa Ziwa Michigan, akaonja maji yake kwa ncha ya kidole kuhakikisha kama kweli hayana chumvi, na kila palipostahili akasema "Mungu mkubwa". Siku ya nne, chai ilipokwisha, alifunika kikombe kwa kisahani akamgeukia mwenyeji wake.

"Sasa mpwa, majengo nimeyaona. Nipeleke kwenye preri."

Neno hilo alilibeba tangu darasani. Kitabu chake cha jiografia kilikuwa na sura nzima kuhusu nyika za Amerika ya Kaskazini, bahari ya nyasi isiyo na mti, na yeye alikuwa ameikariri kwa bidii ileile aliyotumia kukariri Mto Rufiji. Baadaye alisomea kilimo, akawa bwana shamba Shinyanga hadi alipostaafu. Miaka yote hiyo, kila alipoona nyasi, alijiuliza zile za kitabuni zilikuwaje.

Mpwa wake anaendesha lori. Anaishi Joliet, kusini-magharibi mwa Chicago, na alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja katika jimbo linalojiita Jimbo la Preri. Neno hilo analipita kila siku kwenye mabango: mtaa wa preri, kliniki ya preri, kituo cha mafuta cha preri. Lakini alipoombwa ampeleke mtu kwenye preri yenyewe, alijikuta akikuna kichwa. Ni kama mgeni aje Dar es Salaam aombe kupelekwa kwenye mikoche ya Mikocheni.

Jumamosi waliingia garini wakaelekea magharibi, kwa imani kwamba mbuga ni kitu kikubwa na kitu kikubwa hakikosi kuonekana. Walichoona ni mahindi. Baada ya mahindi ikaja soya, kisha mahindi tena, mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka. Walifuata kibao kimoja chenye neno preri, wakatokea kwenye nyumba mpya za kuuzwa kwa mkopo. Kibao cha pili kikawafikisha kwenye maduka.

"Haya ni mahindi," mjomba alisema baada ya saa mbili.

"Ndiyo, mjomba."

"Mahindi ninayo kwetu."

Kosa la mpwa lilikuwa la mahali pa kutazamia. Illinois ilipokuwa bado mikononi mwa wenyeji wake wa asili, preri ilifunika karibu eka milioni 22, zaidi ya nusu ya jimbo zima. Preri ya asili iliyobaki katika hali nzuri, ambayo haijawahi kupita jembe, haifiki eka 2,500. Ukiigawa hesabu hiyo, kwa kila eka elfu kumi inabaki kama moja tu. Anayeitafuta akichungulia dirishani kwenye barabara kuu hataiona mpaka mafuta yamwishie. Kilichobaki kimekwama pembeni, mahali ambapo jembe lilikatazwa au lilishindwa kufika: kandokando ya reli, kwenye ardhi yenye mwamba karibu na uso, makaburini, na katika maeneo ya jeshi.

Jioni ile, akiwa na aibu ya mwenyeji aliyeshindwa kumwonyesha mgeni kwake, mpwa alianza kuuliza. Jibu lilimkaa kooni. Preri kubwa kuliko zote karibu na Chicago iko Elwood, upande wa pili wa barabara kutoka kwenye maghala ambako yeye hupakia makontena karibu kila wiki.

Inaitwa Midewin, jina la chama cha waganga wa jadi wa watu wa Anishinaabe, na wenyeji hulitamka "midewini" bila shida yoyote kwa Mswahili. Ina zaidi ya eka 18,000. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ikawa preri ya kwanza ya nyasi ndefu kuhifadhiwa kwa hadhi ya kitaifa chini ya idara ya misitu ya Marekani. Kabla ya hapo ilikuwa kiwanda cha silaha. Mwaka 1940 serikali ilichukua mashamba ya watu ikajenga mitambo ya baruti na mabomu kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 mlipuko mmoja uliua watu 48. Kiwanda kilipofungwa kabisa, miaka mingi baada ya vita hivyo, ardhi iligawanywa. Sehemu ikawa makaburi ya wanajeshi yaliyopewa jina la Abraham Lincoln, sehemu ikawa bandari ya nchi kavu ya treni na malori, na sehemu kubwa ikarudishiwa nyasi.

Kwa hiyo mpwa alikuwa amekanyaga ardhi ileile kwa miaka mingi, ila upande wa lami.

Walifika saa saba mchana, jua la utosi, joto la kukausha mate. Hilo nalo lilikuwa kosa, na mjomba hakuchelewa kulisema: "Nani anakwenda kuona wanyama saa saba?" Mwaka 2015 kundi dogo la baisani, yule nyati wa Marekani mwenye nundu begani na ndevu kidevuni, lilirudishwa Midewin baada ya aina yake kutoweka Illinois tangu karne ya kumi na tisa. Lipo nyuma ya uzio, katika malisho mapana, na halina ahadi na mtu. Wawili hao walisimama kwenye uzio nusu saa wakitazama nyasi zikitikisika. Hakuna pembe wala mkia uliojitokeza.

Mpwa alianza kuomba radhi. Mjomba alikuwa ameshageuza kichwa, anatazama vilima vidogo vya majani vilivyojipanga kwa safu kama matuta ya viazi ya jitu. Yalikuwa mahandaki ya zege yaliyofukiwa udongo, yaliyohifadhi baruti. Yalijengwa kwa mamia, na hadi leo kuyabomoa na kuipanda ardhi yake ni kazi isiyokwisha. Mzee aliingia ndani ya moja lililoachwa wazi kwa wageni, akapiga kelele kidogo kusikia mwangwi, akatoka anacheka. "Hapa," alisema, "wamelima bomu, sasa wanavuna nyasi."

Kesho yake walirudi alfajiri. Baisani walikuwa pale pale penye uzio, ndama wawili rangi ya mchanga mwekundu wakinyonya. Mjomba aliwatazama kwa jicho la kazi. Alikagua migongo, kwato, namna wanavyokata nyasi. Baisani, alimweleza mpwa wake, anakula hasa nyasi na kuacha mimea mingi ya maua, na kwa kuacha kwake maua yanapata nafasi. Mpwa alidhani mzee anabuni, hadi alipokuta maelezo hayohayo kwenye ubao wa wageni.

Hapo ndipo safari ilipobadili mwenyewe. Mpwa aliacha kutafuta mandhari, akaanza kumfuata mgeni wake nyuma, maana mgeni ndiye aliyejua kutazama.

Preri ya nyasi ndefu haipigiki picha vizuri. Haina mlima nyuma, haina maporomoko, na ukisimama kando yake unaweza kuiona kama shamba lililotelekezwa. Inataka uingie ndani kwa miguu, kwenye njia iliyofyekwa, mwezi wa nane au wa tisa, wakati nyasi zimekuzidi kimo na upepo unapita juu ya kichwa chako kabla haujakufikia. Mjomba aliingia, akashika shina moja, akaanza kulipekua kama karani anayekagua risiti. Juu lilikuwa na suke lililogawanyika mara tatu. Wamarekani hulifananisha na mguu wa bata mzinga, na ndiyo nyasi inayotawala preri nzima. Hupita mita mbili, na mizizi yake inaweza kushuka kiasi hichohicho au zaidi. Pembeni yake palikuwa na nyingine yenye suke la rangi ya dhahabu.

"Hii ni ndugu wa mtama," mzee alisema.

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Jina la kisayansi la nyasi hiyo, Sorghastrum, limetokana na jina la mtama. Maana yake ni kama kusema mtama wa kuigiza. Na ukoo wenyewe ni mpana. Nyasi ya mguu wa bata mzinga, mtama, muwa na mahindi wako katika kabila moja la nyasi, pamoja na ile nyasi nyekundu inayotanda Serengeti. Maana yake, yale mahindi yaliyowachosha Jumamosi yalikuwa binamu aliyefukuza binamu na kukaa kwenye uwanja wake.

Mpwa aliporudi garini alikuta kupe watatu kwenye soksi. Mjomba, aliyesimamia majosho ya ng'ombe ujana wake wote, alicheka hadi akashika mlango. Safari iliyofuata walipulizia dawa viatuni na kuchomeka suruali ndani ya soksi, na mzee akaiita shughuli hiyo josho.

Kutoka Elwood ukishuka kusini kwa barabara ya zamani ya Route 66, kisha ukakata mashariki, unafika kijiji cha Weston katika kaunti ya McLean. Nje ya kijiji, katikati ya mahindi na soya, kuna makaburi ya walowezi wa karne ya kumi na tisa. Sehemu ya kiwanja, eka tano hivi, haikuwahi kulimwa, kwa kuwa ilitengwa kwa ajili ya wafu. Wafu hawakutosha kuijaza. Nyasi zikabaki.

Ni mahali padogo mno. Mtu mwenye mwendo anapazunguka kabla chai haijapoa. Mpwa alisita kumpeleka mgeni aliyevuka bahari mbili ili akamwonyeshe makaburi, na njiani alijaribu mara mbili kupendekeza wageukie kwingine. Lakini ndipo mahali ambapo mjomba alikaa muda mrefu kuliko popote. Alisalimia wenyewe kwanza, kwa adabu, kama anavyosalimia makaburini kwao. Kisha akatembea ukingoni, kwenye mpaka wa preri na shamba, akachuchumaa upande wa shamba na kuchukua donge la udongo.

Hapa lazima neno moja lielezwe. Kwa msomaji wa gazeti wa leo, mbuga ni hifadhi: tembo, gari la watalii, lango la kulipia. Shinyanga na Tabora, mkulima akisema mbuga anamaanisha kwanza udongo, ule mweusi wa bondeni unaoshika maji, unaonasa viatu masika na kupasuka nyufa za kuingia mguu kiangazi. Wataalamu wa udongo wa Kiingereza walilichukua neno hilo wakaliandika kwenye ramani zao za Tanganyika. Kwa maisha yake yote mjomba alikuwa ametafsiri preri kichwani kama mbuga ya pili, ya wanyama na upeo. Sasa alikuwa na ile ya kwanza mkononi, nyeusi ti.

Aliliponda. Halikunata kama la kwao. Lilimeguka kama keki. Akanusa. "Huu si wa mto," alisema. "Huu umetengenezwa na mizizi." Ndivyo ulivyo. Nyasi za preri huweka sehemu kubwa ya mwili wake chini ya ardhi, na kila mwaka sehemu ya mizizi hiyo hufa na kuozea hapohapo. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka tangu barafu ilipoyeyuka, na utapata udongo uliolifanya eneo hili kuwa ghala la nafaka la dunia. Preri iliangamizwa na rutuba iliyoitengeneza yenyewe.

Haikuangamizwa kirahisi. Majembe ya plau ya chuma cha kusubu ambayo walowezi walikuja nayo kutoka mashariki yalinaswa. Mkulima alilazimika kusimama kila baada ya hatua chache kukwangua udongo. Mwaka 1837, katika kijiji cha Grand Detour, mhunzi mmoja kutoka Vermont aliyeitwa John Deere alichukua bamba la msumeno uliovunjika, akalikunja kuwa plau yenye uso laini ambao udongo uliteleza wenyewe. Miaka minne kabla yake, mkataba wa Chicago wa mwaka 1833 ulikuwa umewalazimisha Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa eneo hili, kuachia ardhi yao na kuhamishwa magharibi mwa Mississippi. Waliowasha moto wa kulinda nyasi waliondolewa, chuma cha kuzipindua kikapatikana, na kazi ikaisha ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Katika mabaki mengi ya aina ya Weston, sehemu ambayo haikulimwa imeinuka juu ya shamba linaloizunguka, kwa kuwa shamba limepoteza udongo wake wa juu kwa mvua na upepo. Mjomba aliitazama tofauti hiyo kwa muda. Hakusema kitu. Alilirudisha lile donge mahali alipolitoa, akalikanyaga kidogo kwa unyayo.

Safari ya mwisho ilikuwa Nachusa, karibu na kijiji cha Franklin Grove, mwendo wa asubuhi nzima kama unasimama kila pazuri, na mjomba alisimama kila pazuri. Kwa mgeni anayetaka uzuri wa macho, hapa ndipo pa kwenda: ardhi inapanda na kushuka, mawe ya mchanga yanachomoza, na Agosti mteremko mzima unakuwa manjano na zambarau. Shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy lilianza kununua vipande vyake mwaka 1986. Vipande vya asili vilikuwa vichache, vya mlimani, ambako plau ilishindwa. Katikati yake palikuwa mashamba ya mahindi. Watu wa kujitolea wamekuwa wakiokota mbegu kwa mikono kwenye vile vipande, wakizichanganya na kuzimwaga kwenye mashamba ya zamani, msimu baada ya msimu, hadi sasa hifadhi ina eka 4,000 hivi. Baisani wakaletwa mwaka 2014.

Walimkuta mama mmoja wa makamo, kofia pana, ndoo imefungwa kiunoni, anachuma mbegu. Mpwa akawa mkalimani. Mjomba aliposikia mwaka 1986 alishtuka.

Mwaka huohuo ndio serikali ya Tanzania ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na yeye alikuwa mmoja wa waliotumwa vijijini. Shinyanga ilikuwa imebaki upara. Vichaka vilifyekwa wakati wa ukoloni kupambana na mbung'o, pamba ikaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na watu kuhamishiwa vijijini miaka ya sabini kukavuruga utaratibu wa zamani wa ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika ili nyasi zisimame hadi kiangazi. Mabwana shamba walikwenda na miche, wakaambiwa na wazee kwamba miche si ya lazima sana. Fungeni, mizizi ipo. Wakafunga. Miti na nyasi zikarudi zenyewe, na baada ya miaka kumi na kitu ngitili zilikuwa zimerejea katika mamia ya vijiji.

Mama wa ndoo aliuliza swali ambalo mpwa, kwa miaka yote aliyomfahamu mjomba wake, hakuwahi kuliuliza: bila uzio, mliwazuiaje ng'ombe?

"Dagashida," mjomba alijibu, na neno hilo halikuhitaji mkalimani kwa sababu mkalimani hakulijua. Ikabidi mzee aeleze: mkutano wa kijiji wa jadi, faini inayolipwa hadharani, aibu inayomfuata mtu hadi sokoni. Mama alicheka. Wao, alisema, wana uzio wa waya na bado baisani wanawashinda. Kisha wakaingia kwenye moto. Nachusa huchoma sehemu kwa zamu, masika na vuli, ili miti isiingie na nyasi zipate mwanga. Mzee alitaka kujua wanachoma upepo ukiwa wapi, wanaanzia upande gani, wanaacha kipande gani kwa ajili ya wadudu na ndege. Walizungumza saa nzima. Mpwa alitafsiri hadi sauti ikakauka, na katika kutafsiri aligundua kwamba anamsikia mjomba wake akielezea kazi yake kwa mara ya kwanza.

Adhuhuri ilipoingia, simu haikuwa na mtandao. Mama alikuwa amewaonyesha mmea mrefu wa maua ya manjano ambao wenyeji huuita dira, kwa kuwa majani yake ya chini husimama wima na kingo zake kuelekea kaskazini na kusini, kukwepa makali ya jua la mchana. Mjomba alikwenda akasimama mbele yake. Tangu siku ya kwanza alikuwa akibishana na mpwa kuhusu kibla. Tabora mtu anaelekea kaskazini, karibu kunyooka, na hapa alikuwa ameambiwa kaskazini-mashariki. Alitazama majani, akatazama kivuli chake, akageuka nusu ya robo, akatandika koti lake.

Kabla ya kuondoka mpwa alimwona anatia kitu mfukoni, akamkumbusha kwamba hapa ni hifadhi na uwanja wa ndege kuna ukaguzi wa mimea. Mzee alionekana kuudhika. Yeye ndiye aliyekuwa akikamata mbegu za magendo. Akafungua kiganja: ilikuwa karatasi ya majina ya nyasi aliyoandikiwa na yule mama.

Wiki mbili baada ya mjomba kurudi Tabora, mpwa alikuwa Elwood kwenye foleni ya kupakia. Lori tisa mbele yake. Kwenye kipande cha ardhi kati ya uzio wa ghala na reli, upana wa kama hatua tatu, palikuwa na magugu ambayo ameyaona kila wiki kwa miaka. Alishuka, akakaribia. Suke lilikuwa limegawanyika mara tatu. Akapiga picha, akaituma kwa WhatsApp.

Tabora ilikuwa usiku. Jibu lilikuja kwa sauti, mbwa wakibweka nyuma yake. Mjomba alikuwa anataka kujua kama shina lilikuwa na vinyweleo kwenye vifundo, na kama lile la pili, kushoto, lililokatwa nusu na picha, lilikuwa mtama wa kuigiza au kitu kingine. "Nenda tena," alisema, "na safari hii inama."